Uingereza, Marekani au Dubai: pa kumsomesha mtoto mwenye mahitaji maalumu familia inapohama

Mzazi akipata kazi ng'ambo na nyumbani kuna mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, Down syndrome, uziwi au ugumu mkubwa wa kusoma, ushauri wa ndugu huwa mmoja: nendeni, huko watoto hawa wanaangaliwa. Wanasema kwa mapenzi, na wana sababu. Wengi wao wamemshuhudia mtoto akizungushwa shule hadi shule, kila mwalimu mkuu akidai darasa limejaa, mpaka akaishia kukaa nyumbani na bibi yake. Ila "huko" ni nchi nyingi, na kila nchi ina namna yake ya kumpokea mtoto huyu. Kuna mahali ambapo sheria inaibana serikali ya mtaa impe mtoto msaada, mzazi awe na fedha asiwe nazo. Kuna mahali pengine ambapo sheria inaikataza shule kumkataa, lakini bili ya msaada inaletwa kwa mzazi. Tofauti hiyo ijulikane kabla ya kukata tiketi.

Nimechukua nchi tatu ambazo familia za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huziulizia sana: Uingereza, wanakokwenda wauguzi na wafanyakazi wa afya, Marekani, kwa wenye ndugu au wanaohamia moja kwa moja, na Dubai, inayowaita wahandisi, wahasibu na watu wa hoteli. Muscat nayo inaulizwa, hasa na familia zenye asili ya Oman, lakini shule za serikali za Oman hufundisha kwa Kiarabu na mjadala wake ni wa peke yake.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Majengo mazuri na picha za kwenye tovuti ya shule viweke pembeni. Kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu mimi ninapima haya: nani anadaiwa msaada huo kisheria na ahadi yake imeandikwa wapi, mtoto atasubiri muda gani, nani analipa, atawekwa darasa gani na kwa lugha ipi, mzazi akikataliwa anakimbilia wapi, na nyumbani hali itakuwaje shule ikifungwa au kijana akishavuka miaka 18.

Neno moja kuhusu Uingereza. Ninayoyaeleza ni ya England peke yake. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2004, Wales inatumia mpango uitwao IDP, na Ireland Kaskazini ina utaratibu wake. Muuguzi aliyepangiwa hospitali ya Glasgow au Cardiff afuatilie ya huko, kwa sababu muda na rufaa ni tofauti.

Nani anadaiwa, na kwa karatasi gani

England, chini ya Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014, msaada una ngazi mbili. Ya kwanza inatolewa na shule yenyewe. Kila shule ya kawaida ya serikali lazima iwe na mwalimu anayesimamia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, anaitwa SENCO, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumtafuta. Shule inatarajiwa kugharimia kutoka bajeti yake msaada wa ziada wa hadi pauni 6,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja. Mtoto anayehitaji zaidi ya hapo huombewa EHCP, yaani mpango wa elimu, afya na matunzo unaotolewa na halmashauri. Mzazi anaweza kuomba mwenyewe, bila kusubiri shule imwombee.

EHCP ina sehemu zinazotajwa kwa herufi. B inaeleza mahitaji ya mtoto, F inaeleza msaada atakaopewa, I inataja shule. Shule ya serikali ikishatajwa kwenye I lazima impokee. Msaada wa elimu ulioandikwa kwenye F, halmashauri inawajibika kuutoa hata ikilalamika kwamba fedha zimekwisha. Kwa hiyo F isomwe neno kwa neno. Rasimu ikisema "atapata nafasi ya kufanya kazi na mtaalamu wa usemi inapohitajika", mzazi hajapewa kitu. Ikisema "dakika 30 kila wiki, ana kwa ana, na mtaalamu wa usemi, katika wiki zote za muhula", hapo kuna deni linalodaika. Rasimu ikija mzazi ana angalau siku 15 za kuijibu. Azitumie kuuliza: mara ngapi, dakika ngapi, na nani?

Marekani sheria inaitwa IDEA, na mizizi yake ni ya mwaka 1975. Inampa mtoto mwenye ulemavu wa miaka 3 hadi 21 haki ya elimu ya bure inayomfaa, akiwa pamoja na watoto wengine kadiri inavyowezekana. Anayedaiwa ni wilaya ya elimu ya mahali mnapoishi, na ahadi inaandikwa kwenye IEP, mpango wa mtoto mwenyewe unaopitiwa upya kila mwaka. Mzazi ni mjumbe kamili wa kikao kinachouandika, pamoja na mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mtu wa kufafanua matokeo ya vipimo, na mwakilishi wa wilaya anayejua wilaya ina huduma gani. Katika IEP tafuta jedwali la huduma: aina, dakika, mara ngapi, chumba gani, kuanzia tarehe gani. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto. Kumsogeza hatua ya jina tu hakutoshi.

Mtoto asiyehitaji mafundisho maalumu, ila anahitaji mazingira yarekebishwe, kama muda zaidi wa mtihani au kukaa karibu na ubao, hupewa mpango wa 504 unaotokana na sheria ya mwaka 1973. Na tangu hukumu ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Wazazi wameniuliza kama mambo yote hayo yamefutwa baada ya Wizara ya Elimu ya Marekani kupunguza sana wafanyakazi mwaka 2025. IDEA bado ni sheria, na wanaoitekeleza siku hadi siku ni majimbo na wilaya.

Dubai msingi ni sheria ya shirikisho namba 29 ya mwaka 2006 na sheria ya Dubai namba 3 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile namba 2 ya mwaka 2014. Watoto wa wageni karibu wote wanasoma shule binafsi, zinazosimamiwa na mamlaka iitwayo KHDA. Sera yake ya elimu jumuishi ya mwaka 2017 inazitaka shule zisifanye ulemavu kuwa sababu ya kumkataa mtoto, na shule inayomkataa inatakiwa kuiarifu KHDA na kueleza kwa nini. Msaada wa kawaida unahesabiwa ndani ya ada. Unaozidi hapo unaandikwa kwenye mkataba wa huduma binafsi kati ya shule na mzazi, huduma ikiwa na bei yake. Mkataba huo ndio karatasi yako Dubai; maneno matamu ya ofisi ya usajili hayana uzito kama hayakuandikwa humo.

Hapa wazazi wengi hujichanganya. Shule ya Dubai inayofundisha mtaala wa Kiingereza haifungwi na sheria ya England, na yenye mtaala wa Kimarekani haifungwi na IDEA. Mtaala unasafiri, sheria haisafiri. Vilevile KHDA ni ya Dubai tu. Abu Dhabi na Sharjah zina mamlaka zao.

Muda wa kusubiri

Karatasi ya England inasema wiki 20 tangu ombi la tathmini hadi EHCP kamili, na ndani ya wiki 6 za mwanzo halmashauri iwe imejibu kama itampima mtoto. Uhalisia ni mzito zaidi: mwaka 2024 chini ya nusu ya mipango mipya ilitolewa ndani ya wiki hizo 20. Ombi linapokelewa mtoto akiwa tayari anaishi katika eneo la halmashauri, kwa hiyo huwezi kuanza ukiwa Tabata au Likoni. Serikali pia imetangaza nia ya kuufanyia mageuzi mfumo wa EHCP, basi hakikisha utaratibu uliopo unapokaribia kusafiri. Wakati wa kusubiri mtoto hakai bure: ngazi ya kwanza ya msaada wa shule haihitaji EHCP, na SENCO akiwa mchapakazi mtoto atapiga hatua hata kabla ya mpango.

Marekani, mzazi akishasaini ridhaa, vipimo vinatakiwa vikamilike ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha IEP kinafanyika ndani ya siku 30. Ombi liandike. Lililosemwa kwa mwalimu mlangoni asubuhi ni rahisi kusahaulika, lakini barua yenye tarehe inajibiwa. Mkishahama kutoka jimbo moja kwenda jingine mkiwa na IEP ya Marekani, wilaya mpya inatakiwa itoe huduma zinazofanana huku ikipima upya. Ripoti ya Muhimbili au ya kituo cha EARC, cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, cha Kenya haipewi nafasi hiyo; inasomwa kama ushahidi, nayo husaidia sana.

Dubai ndiko msaada unakoweza kuanza upesi, kwa kuwa hakuna halmashauri ya kusubiriwa: shule ikikubali na mkataba ukisainiwa, mtoto anaweza kuanza na msaidizi wake muhula huo huo. Kinachochelewesha ni nafasi. Shule zenye sifa nzuri ya ujumuishaji hujaa mapema, na vituo maalumu kama Dubai Autism Center huwa na orodha ya wanaosubiri.

Nani analipa

Hapa ndipo nchi hizi zinapoachana kabisa.

England na Marekani, vipimo vya shule, mwalimu maalumu, mtaalamu wa usemi aliyeandikwa kwenye mpango na usafiri wa shule kwa mtoto anayestahili, vyote ni bure kwa mzazi. Lakini bure hiyo ina mipaka yake. Viza nyingi za kazi za Uingereza zina sharti la kutotumia fedha za umma. Shule ya serikali na EHCP havimo katika katazo hilo, kwa hiyo muuguzi asiogope kumwombea mwanawe. Posho ya ulemavu ya mtoto iitwayo DLA imo, na kuiomba ukiwa na sharti hilo kunaweza kukuharibia viza. Nasisitiza hili kwa sababu majirani wema huwaelekeza wageni wajaze fomu za posho bila kujua. Kuna pia tozo ya afya ya uhamiaji: pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka wa viza. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na familia zao hawailipi.

Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi za majumba na viwanja za eneo hilo hilo. Matokeo yake, wilaya mbili zilizopakana zinaweza kuwa na sheria moja na huduma zinazopishana kama usiku na mchana. Moja ina wataalamu watatu wa usemi katika shule, nyingine ina mmoja anayezunguka shule nne. Ukiamua Marekani, uamuzi wa wilaya una uzito kuliko uamuzi wa jimbo. Nje ya shule utategemea bima ya afya ya mwajiri, na bima hizo hazifanani.

Dubai unalipa ada, halafu unalipa msaada. Ada za shule binafsi zinatofautiana mno, kutoka shule za bei nafuu za mtaala wa Kihindi hadi shule zinazopita dirhamu 100,000 kwa mwaka. Mtoto akihitaji msaidizi wa kukaa naye darasani siku nzima, mshahara wa huyo msaidizi kwa kawaida humwangukia mzazi. Tiba ya usemi na ya viungo nayo mara nyingi ni ya kulipia, na bima nyingi huweka kikomo. Kwa hiyo mshahara wa Dubai usiokatwa kodi uupime upya baada ya kutoa vitu hivi. Swali la kumuuliza mwajiri kabla ya kusaini ni hili: posho ya shule inahusu ada tu, au na msaada wa mtoto?

Darasa na lugha

Watoto wetu wengi wenye mahitaji maalumu wamekariri darasa mara mbili tatu. England na Marekani humweka mtoto kwa umri wake. Mtoto wa miaka 9 aliyekuwa darasa la pili Morogoro ataingizwa Year 5 England au darasa la nne Marekani, na mzazi hushtuka. Msishtuke mno. Nia ni kwamba mtoto akae na wenzake wa rika moja na kazi zirekebishwe kwa kiwango chake. Kagua tu kama kweli kazi zinarekebishwa, au amewekwa nyuma ya darasa apake rangi.

Lugha inaleta makosa ya aina mbili. Kuna mtoto anayeambiwa ana ulemavu wa kujifunza kumbe hajajua Kiingereza, na kuna mwenye ulemavu wa kweli anayeambiwa asubiri kwanza ajue Kiingereza. Sheria ya Marekani inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao, pamoja na kuleta mkalimani bila malipo. Miji iliyopokea Wakongo wengi, kama Louisville, ina wakalimani wa Kiswahili waliokwisha kuzoea maneno ya IEP. Huko familia ya Bukavu au Kigoma itajieleza vizuri kuliko katika mji usiomjua Mswahili hata mmoja. Mwongozo wa England nao unasema wazi kwamba kutojua Kiingereza peke yake si hitaji maalumu. Dubai, Kiarabu ni somo la lazima kwa wasio Waarabu mpaka darasa la tisa, na kwa Waislamu kuna somo la dini. Familia nyingi za pwani hulifurahia hilo, lakini kwa mtoto anayepambana na maneno ni lugha nyingine juu ya mabega yake, na litajwe kwenye mazungumzo na shule.

Mtaalamu akiwaambia muache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, msikubali haraka. Tafiti za watoto wenye usonji na wenye Down syndrome hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinawachelewesha zaidi. Mtoto anayenyimwa Kiswahili ananyimwa bibi, shangazi na binamu wote kwa siku moja.

Uziwi una hesabu zake. Lugha za alama za Tanzania na Kenya si za Uingereza wala za Marekani. Alfabeti ya vidole ya Uingereza hutumia mikono miwili, ya Marekani mkono mmoja, na ile inayotumika Kenya inakaribia ya Marekani. Kiziwi wa darasa la sita kutoka Kenya atapata daraja fupi kidogo Marekani, lakini popote atakapokwenda anajifunza lugha mpya ya alama, na hilo liandikwe kwenye mpango wake kama hitaji lenye saa na mwalimu. Asiyeona ana nafuu, maana Braille ya Kiingereza inayotumika England na Marekani sasa ni moja.

Ukikataliwa

England unakata rufaa kwenye baraza huru la mahitaji maalumu, liitwalo la SEND. Ni bure, wakili si lazima, na unaweza kupinga kukataliwa kupimwa, kunyimwa mpango, au yaliyoandikwa kwenye B, F na I. Muda ni miezi miwili tangu barua ya halmashauri, au mwezi mmoja tangu cheti cha usuluhishi (karatasi ya kuonyesha kwamba umefikiria kwanza kupatanishwa na halmashauri), ule utakaochelewa kuisha. Kesi zinazofika kwenye uamuzi huwaendea wazazi, angalau kwa sehemu, kwa wingi mkubwa. Kila halmashauri ina huduma ya ushauri ya bure iitwayo SENDIASS, na shirika la IPSEA hueleza sheria kwa lugha nyepesi. Tatizo ni miezi ya kusubiri tarehe ya kusikilizwa.

Marekani usipokubaliana na vipimo vya wilaya, unaweza kudai vipimo huru kwa gharama yao. Wakikataa, ni wao wanaopaswa kwenda kuvitetea vipimo vyao mbele ya msikilizaji wa shauri. Mgogoro ukiendelea, mtoto anabaki alipo na huduma zake mpaka uamuliwe. Kila jimbo lina kituo cha wazazi kinachofundisha haki hizi bila malipo. Mashauri makubwa hata hivyo hudai wakili, na mawakili ni ghali.

Dubai malalamiko yanapelekwa KHDA. Inaweza kuibana shule kwa ukaguzi na kwa masharti yake, lakini mzazi hana rufaa ya kudai mtoto alipiwe msaada na serikali. Nguvu yake ni kuhamisha mtoto na ada yake, na hiyo ni nguvu kama kuna shule nyingine yenye nafasi.

Nyumbani, na baada ya miaka 18

Nyumbani kwetu mtoto huyu ana bibi, dada wa kazi na binamu wa kumwangalia. England na Marekani shule inafunga saa tisa alasiri, na asiye na ndugu anapunguza saa za kazi. Likizo ya kiangazi ni wiki sita England, na Marekani ni zaidi ya miezi miwili, ingawa IEP inaweza kuagiza masomo ya likizo kwa mtoto atakayerudi nyuma bila hayo. Dubai kuajiri msaidizi wa nyumbani kisheria ni jambo la kawaida kwa mwenye kipato kinachokidhi masharti, na kwa mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hilo peke yake linaweza kuamua nchi.

EHCP inaweza kuendelea mpaka miaka 25 kijana akiwa bado anasoma. IEP mpaka 21, na kuanzia miaka 16 lazima iwe na mpango wa maisha baada ya shule. Dubai shule binafsi humaliza na kidato cha mwisho, kisha kuna vituo vya kulipia. Kuna unafuu mmoja: kanuni za ukaazi za mwaka 2022 zinamruhusu mzazi aliyeko Falme za Kiarabu kumdhamini mwanawe mwenye ulemavu bila kikomo cha umri. Ila ukaazi wa familia nzima umeshikwa na kazi, na kazi ikiisha shule nayo inaisha.

Faili la mtoto

Popote muendako, mkoba wa mkononi uwe na ripoti ya daktari au kituo cha upimaji kwa Kiingereza, kipimo cha masikio na macho, kadi ya chanjo, majina ya dawa yenyewe badala ya majina ya kibiashara, barua ya mwalimu, na daftari mbili za mtoto za karibuni. Barua ya mwalimu isiandike "ana tabia nzuri na juhudi". Iandike anachoweza na anachoshindwa: ananakili sentensi lakini hasomi alichonakili, anakula mwenyewe kwa kijiko, darasa likipiga kelele huziba masikio na kutoka nje. Rekodi video fupi akizungumza Kiswahili nyumbani. Mtaalamu wa kule akiiona hatasema mtoto hana maneno.

Na msifiche. Najua kwa nini wazazi huacha kile kisanduku cha fomu wazi. Wamekataliwa mara nyingi mno. England na Marekani kuficha kunachelewesha huduma ambayo ni haki yake. Dubai mtoto akianza kupata shida darasani, mazungumzo yataanza kwa kuulizwa kwa nini hamkusema, badala ya kuulizwa asaidiwe vipi.

Kwa hali yako

Mtoto ana mahitaji makubwa na kipato chenu ni cha kawaida: angalieni England na Marekani kwanza. Marekani muda wa kisheria ni mfupi na huduma nyingi hutolewa ndani ya shule. England ina shule maalumu za serikali zinazoweza kutajwa kwenye mpango, na matibabu yako chini ya mfumo mmoja wa umma.

Mtoto ana ugumu wa kusoma, au ni mwepesi wa kupoteza umakini, na mwajiri analipa ada yote: Dubai inafaa kabisa. Madarasa ya shule nyingi yana walimu wa msaada, na hamtapoteza mwaka mkisubiri uamuzi wa ofisi. Vivyo hivyo kwa mkataba wa miaka miwili, hasa kama mtarudi kwenye shule ya mtaala wa Kiingereza Nairobi au Dar es Salaam.

Mtoto hajafika miaka mitatu na ameanza kuonyesha dalili: Marekani ina huduma za mapema tangu kuzaliwa zinazowafuata nyumbani, na England nako mfumo unamhusu mtoto tangu kuzaliwa. Dubai zipo kliniki nzuri, kwa fedha zenu.

Kijana ana miaka 15: England atatua katikati ya maandalizi ya GCSE, mitihani ya taifa ya miaka 16, na ni kipindi kigumu kwa mgeni yeyote. Marekani miaka mpaka 21 inampa nafasi ya kujipanga. Dubai mwulize mkuu wa shule, kabla ya ada, atamaliza na cheti gani.

Mzazi mmoja anatangulia, kama wafanyavyo wengi: aliyetangulia asitafute nyumba kwa kodi nafuu na umbali wa kazini tu. Awaandikie walimu wa mahitaji maalumu wa shule mbili tatu za eneo hilo, aombe dakika 20, aulize wana wanafunzi wangapi wenye hali kama ya mwanawe na nani anawafundisha. Aliyebaki nyumbani akusanye lile faili. Mkataba wa nyumba usainiwe baada ya majibu hayo kupatikana.